Karani Ngari na Tarehe ya Mwisho

Karani Ngari hakuwahi kusema "sijui." Nilimfahamu tangu utoto wangu, pale juu ya Kianjokoma karibu na msitu, na neno hilo halikumtoka hata kwa bahati mbaya. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, anakutajia siku. Ukimuuliza kahawa itauzwaje mwaka ujao, anakupa bei pamoja na sababu tatu. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya chifu kwa miaka kumi na mmoja, kisha akafukuzwa, au akaacha mwenyewe, inategemea umemuuliza nani. Alirudi nyumbani na koti jeusi, miwani iliyofungwa kwa waya, na imani kwamba anajua Serikali inawaza nini kabla Serikali yenyewe haijawaza.

Kila Alhamisi lori la Jama lilifika sokoni kutoka Meru. Jama alikuwa Msomali aliyezaliwa Meru mjini, mwenye duka kwetu na kibali cha kusafiri, na pamoja na chumvi na mafuta ya taa alileta magazeti ya wiki iliyopita. Ngari aliketi barazani juu ya gunia la chumvi, akasoma kwa sauti, kisha akatueleza maana. Gazeti lenyewe hakuna aliyelijali. Watu walikwenda kumsikiliza Ngari.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa hamsini na mbili, alisema itaisha kwa miezi mitatu. "Askari anakula nyama kila siku," alisema. "Hii Serikali haina nyama ya miezi minne." Miezi mitatu ikapita, akasema yeye alihesabu kuanzia siku askari walipofika Embu, si siku ya tangazo. Alisema Mzungu hawezi kutupa mabomu katika msitu ambao yeye mwenyewe huenda kuwinda nyati. Wiki hiyo hiyo ndege zikaja, na vyungu vya mama vikaanguka na kupasuka.

Mwaka wa hamsini na nne likatoka agizo kwamba tubomoe nyumba zetu na kuhamia katika kijiji kimoja chini, ndani ya waya na vigingi. Ngari alicheka mpaka akavua miwani. "Kuhamisha watu elfu tatu kwa wiki moja? Serikali hii ilichukua miaka sita kuchimba choo kimoja cha soko! Kaeni nyumbani, pandeni maharagwe yenu." Tukakaa. Tukapanda maharagwe.

Homugadi, askari weusi wa Serikali waliochukuliwa vijijini, walikuja saa moja asubuhi, tukiwa tunakunywa uji. Walitia moto upande wa upepo, na nyumba zikashika moja baada ya nyingine kuteremka mteremko. Baba alirudi ndani kutoa wimbi, ule ulezi wa mbegu. Alipotoka na kikapu kichwani, homugadi mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki nyuma ya sikio. Baba alipiga magoti taratibu, wimbi likamwagika, naye akaangukia uso juu yake. Hakuamka tena. Kaka yangu Munyi na mimi tulimzika chini ya migomba huku moshi ukitutoa machozi, na Munyi alipomaliza kushindilia udongo aliweka jembe chini akaelekea msituni kwa wapiganaji. Hakuaga.

Mtasema baada ya hapo Ngari angefunga mdomo. Debe tupu haliachi kuvuma. Wiki mbili baadaye, tukiwa tumeshahamishiwa kijiji cha waya, alikuwa juu ya gunia lake akieleza kwamba ule ulikuwa uchokozi wa wadogo, na kwamba wakubwa wataleta mabati ya fidia. Na sisi, ambao nywele zetu bado zilinuka moshi, tulisimama pale tukasikiliza. Nimewaza sana jambo hilo. Ukiwa ndani ya waya, hujui kesho utachapwa au utachimbishwa, mtu anayesema "kesho itakuwa hivi" unamshukuru hata kama jana alikudanganya. Mimi pia nilimshukuru, ingawa hasira ya kifo cha baba ilikuwa bado kifuani mwangu.

Jina langu ni Wanjugu. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mume wangu yuko kizuizini, na binti yetu Nelius alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mchana tulichimba handaki. Lilipita ukingoni mwa msitu wote, kina chake mara mbili ya mtu, na chini yake tulipanda vigingi vya mianzi vilivyochongwa vikali ili mtu akianguka asiinuke. Sisi wanawake ndio tuliovichonga. Aliyetusimamia alikuwa Kiambi, mkubwa wa homugadi wa kituo chetu, kijana wa ng'ambo ya mto aliyesoma darasa moja na Munyi.

Jumanne ndiyo siku tuliyoruhusiwa kuvuka ubao juu ya handaki kukata kuni, tukilindwa kwa bunduki. Kila Jumanne niliomba ruhusa ya kwenda haja kichakani. Homugadi walinicheka, wakaniita mwenye tumbo bovu. Nyuma ya kisiki cha mti wa muringa ndipo Munyi alipokuwa akinisubiri, nami nilimpa nduma, yaani magimbi, nilizoficha kifuani, na tulikuwa na muda wa mtu kuhesabu mpaka mia.

Mwezi wa sita mwaka wa hamsini na tano ndege zilidondosha karatasi. Zilisema anayetoka msituni akiwa ameinua tawi bichi kwa mikono miwili hatanyongwa. Zilisema pia mwisho wa ruhusa hiyo ni tarehe kumi mwezi wa saba. Munyi alinionyesha yake Jumanne ya mwisho ya mwezi ule. Alikuwa amekonda mpaka masikio yalionekana makubwa. "Nimechoka, Wanjugu," alisema. "Wenzangu sita wamekufa kwa kuhara. Nataka kutoka."

Nilimweleza mama jioni hiyo, nikidhani atalia kwa furaha. Mama aliuliza jambo moja tu. "Ameua?"

Alikuwa ameua. Alimkata homugadi mmoja darajani, mwaka uliotangulia, na yeye mwenyewe alinieleza.

Kwa desturi yetu mtu aliyemwaga damu ya mtu havuki mpaka wa ukoo kurudi kwa mama yake, wala hali chakula cha kwao, kabla ya kutapishwa uchafu wa damu hiyo. Mzee anachinja kondoo, anachanganya taka za tumbo lake na majani anayoyajua mwenyewe, na mwenye damu analamba na kutema mara saba huku akitaja alichokifanya. Asipofanya hivyo, uchafu humshukia mtoto mdogo wa nyumba. Siku hizo za vita wazee walikuwa wamelegeza kidogo: dada wa tumbo moja aliweza kubeba dawa hiyo kwenye kibuyu na kumlambisha nduguye mahali popote.

"Nimezika watoto wawili," mama alisema, akimwangalia Nelius aliyelala. "Huyu simziki kwa ajili ya haraka ya Munyi."

Mzee aliyejua kazi hiyo alikuwa kijiji kingine cha chini. Aliomba kibali cha kuja, akisema anakuja kutibu tumbo la mtoto. Kibali kikatoka, lakini cha Jumatatu, tarehe kumi na moja. Siku ya kuni ilikuwa kesho yake, tarehe kumi na mbili. Tarehe ya mwisho ilikuwa Jumapili, tarehe kumi. Siku mbili tu. Maisha ya kaka yangu yalikuwa upande mmoja wa siku hizo mbili na ya mwanangu upande wa pili, ndivyo mama alivyoamini, na mimi pia niliamini.

Alhamisi nilikwenda dukani kwa Jama. Ngari alikuwa ameanza kusoma. Niliuliza kwa kuzunguka, kama mtu asiye na haja: hiyo tarehe ya matawi, ikifika ndiyo basi?

Ngari alikunja gazeti taratibu. Alipenda sana kukunja gazeti.

"Mama Nelius, mimi nimekaa ofisi miaka kumi na mmoja. Chanjo ya ng'ombe: waliandika siku ya mwisho Machi, wakaongeza mpaka Juni. Kipande: siku ya mwisho, wakaongeza mara tatu. Kuchimba matuta: siku ya mwisho, mpaka leo watu wanachimba. Hakuna siku ya mwisho ya Serikali ambayo ni ya mwisho. Hata siku moja! Na hii wataongeza mpaka mwisho wa mwezi. Kwa uchache. Andika."

"Na wasipoongeza?"

"Wataongeza. Haraka haraka haina baraka."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Mambo ya chanjo na kipande kila mmoja aliyajua, tulikuwa tumeyaona kwa macho. Nilimgeukia Jama, aliyekuwa anapima sukari.

"Wewe unaonaje, Jama?"

"Mimi sijui, dada yangu," alisema. "Walahi sijui. Ile Serikali ya chanjo na hii ya bunduki, sijui kama ni moja. Lakini ingekuwa ndugu yangu, angetoka leo na uchafu wake."

Sikuwa nimetaja ndugu wala uchafu. Lakini alikuwa amesema "sijui" mara tatu, na nani anamwamini mtu wa namna hiyo? Ngari alicheka. "Msomali, uza sukari!" Nami nilitoka pale nikiwa mwepesi, nimeshapata nilichokitaka.

Jumanne iliyofuata, tarehe tano, nilimkuta Munyi amelala kifudifudi nyuma ya kisiki. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu kifo cha baba. "Keshokutwa natoka," alisema.

"Ngoja mpaka Jumanne. Nitakuletea kibuyu. Mama amesema."

"Jumanne tarehe imepita."

"Wataongeza mpaka mwisho wa mwezi."

Alinitazama. "Nani kasema? Kama ni yule mjinga wa gunia la chumvi, natoka sasa hivi. Baba alikaa nyumbani kwa maneno yake."

Nyuma yangu homugadi alikuwa ameanza kupiga filimbi. Nilikuwa na muda wa kuhesabu labda mpaka kumi. Akilini nilimwona Nelius amelala, nikamwona Munyi akivuka ule ubao na damu aliyoimwaga mikononi, na ulimi wangu ukasema wenyewe.

"Ni Bwana DO. Alikuja sokoni Alhamisi, akatangaza kwa mdomo wake. Mpaka mwisho wa mwezi."

"Ulimsikia?"

"Kwa masikio yangu haya."

Alishusha pumzi, akatabasamu, akaniomba nimletee na chumvi kidogo. Nilirudi kwenye kuni nikijiambia kwamba huo si uongo, ni kweli ya Ngari niliyoivisha kofia ya DO, yule ofisa wa Kizungu wa wilaya, ili ipite mlangoni.

Jumapili ikafika. Jioni Kiambi alipiga filimbi, tukakusanywa, naye akasoma karatasi: ruhusa ya matawi imekwisha leo, kuanzia kesho, yeyote atakayeonekana ng'ambo ya handaki bila ulinzi atapigwa risasi bila onyo. Nilimtafuta Ngari, nikamkuta kwenye foleni ya maji.

"Lugha tu hiyo," alisema kwa upole, kama mtu anayetuliza mtoto. "Mimi ndiye nilikuwa naandika barua kama hizo. 'Bila onyo.' 'Kwa mara ya mwisho.' Wanatisha kwanza, halafu wanaongeza. Nenda ulale, mama."

Sikulala. Niliamua kwamba Jumanne nitamwambia Munyi asitoke, arudi ndani zaidi, angoje mpaka nijue. Jumatatu mzee alikuja na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba. Mama alinifungia tumboni kwa kitambaa na kunifunika leso juu yake.

Jumanne kulikuwa na manyunyu na ukungu wa Julai. Tulikuwa wanawake thelathini na kitu, na Kiambi na homugadi wanne. Hatukuwa tumefika kwenye ubao. Ukungu ulifunguka kidogo ng'ambo ya handaki, na Munyi alikuwa amesimama pale, mahali peupe kabisa, tawi bichi limeinuliwa juu ya kichwa kwa mikono miwili.

Hakusubiri kisikini. Kwa nini asubiri? Mtu aliyeruhusiwa na Bwana DO hajifichi nyuma ya visiki. Nafikiri pia alitaka kuninusuru nisiingie kichakani na kile kibuyu, maana alijua wakinikagua wataniua. Angekuwa anaamini maneno ya Ngari angekuja kwa tumbo, kama nyoka. Alikuja wima kwa sababu aliamini yangu.

"Kiambi!" aliita, na alikuwa anacheka. "Usiogope, ni mimi Munyi!"

Kiambi aliinua bunduki. "Matawi yaliisha Jumapili."

"Bwana DO ameongeza! Mpaka mwisho wa mwezi!"

"Alisema lini?"

"Alhamisi! Sokoni!"

Kiambi alitugeukia sisi wanawake, akatutazama mmoja mmoja. DO hakuwa amefika sokoni kwetu tangu Pasaka, na kila mtu alijua. Ningeweza kupiga kelele, "Rudi!" Neno moja tu. Angekuwa na hatua nne mpaka kwenye miti. Lakini mwenye kupiga kelele angejulikana ndiye aliyepeleka maneno, na kibuyu kilikuwa tumboni mwangu, na niliogopa. Nasema wazi: niliogopa, nikafunga mdomo.

Risasi ya kwanza ilimpata begani, ikamzungusha. Bado alikuwa ameshika tawi kwa mkono mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuuliza swali. Ya pili ilimwingia tumboni. Alipiga hatua mbele badala ya nyuma, ardhi ikamwishia, akaanguka handakini.

Vigingi vilimpokea. Kimoja kilipita pajani, kingine chini ya mbavu. Hakufa. Tulimsikia akipumua kule chini, kisha akaanza kumwita mama. Kiambi alikataza mtu yeyote kusogea. Akawasha sigara, akaivuta mpaka mwisho. Munyi aliita, akaita, sauti ikawa ndogo. Sigara ilipokwisha Kiambi alikwenda ukingoni, akalenga, akapiga risasi ya tatu.

Alituteua wanne kushuka kwa ngazi kumtoa. Nilikuwa mmoja wao. Mguu wake haukutoka kwenye kigingi mpaka tulipouvuta sote kwa pamoja, na mlio wake bado naujua. Kigingi chenyewe kinaweza kuwa nilikichonga mimi.

Kisha wakatulaza sote kifudifudi kwenye matope. "Nani alimpelekea maneno ya DO?" Kiboko kikaanza mwisho wa mstari. Kila mmoja viboko kumi na tano, kisha swali, kisha kumi na tano tena. Karibu nami alilala Cicily, mke wa seremala, aliyenifunikia mara nyingi nilipochelewa kichakani. Alijua. Walimpiga mpaka mkono aliojikingia ukavunjika, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Alinigeuzia uso wenye matope, akanitazama, akafumba macho. Hakusema. Wala mimi sikusema. Zamu yangu ilipofika kibuyu kilipasuka chini yangu, na ile dawa ikachanganyika na matope. Waliona kinyesi tu, wakacheka, wakaniita tumbo bovu.

Saa nane mchana waliuweka mwili wa Munyi sokoni, mbele ya duka la Jama, wakatulazimisha watu wote tuketi kuutazama. Mama aliketi mstari wa kwanza. Hakulia. Alikuwa akiangalia vidole vya mwanawe kana kwamba anavihesabu.

Nyuma yangu nikasikia sauti ile. Ngari. Alikuwa anawaelimisha waliokuwa karibu naye, kwa kunong'ona.

"Mnaona? Serikali ilihitaji mfano mmoja. Sasa imepata. Sasa ndiyo wataongeza. Nipeni wiki mbili."

Pembeni kulikuwa na mafiga ya mwanamke aliyekuwa akiuza uji. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka jiwe lilikuwa na joto na lilijaa viganja vyangu viwili. Nilimpiga nalo mdomoni. Miwani iliruka. Taya lake lilitoa sauti ya kuni kavu, akaanguka chali, nami nikamkalia kifuani nikampiga tena, na tena, huku nikimwambia, "Ongeza! Ongeza!" Meno manne yalibaki kwenye jiwe. Homugadi walicheka kwanza. Walipoona hanyanyuki wakanivuta kwa nywele.

Nilihukumiwa miaka miwili. Jama alimpakia Ngari kwenye lori lake akampeleka hospitali. Kabla sijachukuliwa, mama aliruhusiwa kuja mpaka kwenye waya. Hakuuliza habari za taya la Ngari wala za hukumu.

"Nani alimwambia Munyi habari za DO?" aliuliza. "Kila mtu alimsikia akisema."

Nilikuwa na nafasi nyingine ya kusema kweli hapo.

"Ngari," nilisema. "Ngari ndiye alisema DO ametangaza. Mimi nilibeba tu."

Mama aliinamisha kichwa. "Nilijua," alisema, akaondoka.

Nilirudi mwaka wa hamsini na saba. Mume wangu hakurudi kamwe, na Nelius hakunitambua. Nilikuta Ngari anaishi kama mtu mwenye ukoma. Mama alikuwa amehakikisha hilo. Hakuna aliyempa moto wala kumwazima jembe. Paa lake lilipigwa mawe. Mara mbili vijana walimvizia njiani wakampiga, mara ya pili wakamvunja mguu, na mama aliwapikia waliofanya hivyo. Taya lilikuwa limeungana upande, kwa hiyo maneno yake yalitoka kwa kupitia puani, na kwenye gunia la chumvi sasa aliketi mtu mwingine. Lakini ukimkaribia utamsikia bado anatabiri kidogo kidogo: Wazungu hawataondoka hapa kwa miaka hamsini. Mimi nilipokutana naye niliinama chini na kupita haraka. Watu walidhani ni chuki.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na tisa, watu wakisema hali ya hatari inakaribia kuondolewa, alikuja nyumbani kwetu mchana, akichechemea, akivuta kondoo kwa kamba. Tulikuwa tumeruhusiwa kurudi kwenye ardhi yetu. Mama alikuwa ameketi mlangoni akiambua njahi, zile kunde nyeusi, mimi natwanga mahindi, na Nelius akicheza na maganda. Ngari alisimama nje ya boma, kama desturi inavyomtaka mtu aliyekosea.

"Mama Munyi," alisema. "Nimekuja kusema nilikosea."

Mchi wangu ulisimama. Watu wa Kianjokoma wangelipa kusikia maneno hayo.

"Nilisema wataongeza tarehe, na hawakuongeza. Sikujua, na nilisema kana kwamba najua. Kwa hilo nimebeba lawama, na hili taya, na mguu huu. Sikatai. Huyu kondoo ni wa hilo." Alipumua kwa shida, maana sentensi ndefu zilimuumiza. "Lakini kuna jambo moja sikulisema. Mimi sikusema kwamba DO ametangaza. Yeye hakufika sokoni, ningesemaje? Jama alikuwepo, muulize. Miaka minne mnanihesabia maneno ambayo si yangu. Nataka yaondolewe, nife na yangu tu."

Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema jambo lililokuwa kweli lote.

Mama aliweka chini ungo wa njahi, akageuza kichwa taratibu akanitazama mimi. Ningeweza kumwita Ngari mwongo, na kijiji kizima kingesimama upande wangu. Lakini niliona bado ameishika ile kamba ya kondoo mkononi, na nilikuwa nimechoka.

"Ni mimi," nilisema. "Munyi alikataa maneno ya Ngari. Alitaka kutoka siku hiyo hiyo. Nikamwambia ni DO, na kwamba nilimsikia."

Mama alisimama. Aliuchukua mchi mikononi mwangu, na nilimwachia. Pigo la kwanza lilinipata kwenye mtulinga, nikasikia mfupa ukikatika. La pili kichwani. Nelius alipiga mayowe. Ngari alivunja desturi akaingia bomani kumshika mama mikono, naye akapigwa, akaanguka juu ya mguu wake mbovu. Mama hakuwa anapiga kelele. Alipiga kama anavyotwanga, kwa pumzi ile ile, mgongoni, mbavuni, mikononi, na mimi sikuinua mkono hata mara moja.

Alipochoka aliegemeza mchi ukutani, akaketi, akaendelea kuambua njahi. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku hiyo, katika boma moja nami, na hakula tena chakula nilichopika.